Injini ya V8 ya zamani, mfuko mdogo, Mwanza: maswali ninayoulizwa kila wiki

Gereji yetu ni ndogo, iko huku Nyakato, na mkate wetu wa kila siku ni daladala na magari madogo ya Kijapani. Lakini tangu tulipofufua Range Rover moja ya V8 iliyokuwa inalaliwa na kuku, wenye magari makubwa ya zamani wameanza kutufuata: Range Rover nyingine mbili, pikapu ya Chevrolet, na Mustang moja ya 1967 ambayo mwenyewe haitoi nje mvua ikinyesha. Wote wanataka kitu kimoja, nguvu, na karibu wote wana hela kidogo. Nimechoka kurudia majibu yale yale kwenye simu, kwa hiyo nimeyaandika.

Fundi, gari lilikuwa linavuta vizuri Dar. Mbona Mwanza limekuwa zito?

Umepanda mlima bila kujua. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hata ukisimama Kamanga miguu ikiwa majini, uko zaidi ya kilomita moja juu ya mtu anayesubiri pantoni Kigamboni. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo haina namna nyingine, inavuta hewa iliyopo. Kipimo tunachotumia mafundi ni kwamba unapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 200 pwani, hapa inakupa kama 177. Hizo 23 hakuna aliyekuibia, na hakuna spea ya kuzirudisha zote.

Sehemu inayorudishika ni ile ya kabureta. Kabureta haina habari kwamba imehama. Inaendelea kumimina petroli kwa kipimo cha pwani huku hewa imepungua, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi, gari linakohoa ukikanyaga na linakula mafuta kuliko kawaida. Kwa kabureta za Holley, desturi ni kushusha jeti kuu namba moja kwa kila mita 600 hivi. Kwa Mwanza ni namba mbili. Jeti mbili za shaba, kila moja ndogo kuliko punje ya mahindi, na hiyo ndiyo spea ya bei nafuu kuliko zote utakazosoma kwenye ukurasa huu.

Usipekeche tundu la jeti kwa sindano wala kulijaza risasi ya kulehemia ili lipungue. Nimeona vyote viwili.

Kitabu kinasema injini yangu ina farasi zaidi ya 300. Ziko wapi?

Nyingi zilikuwa kwenye karatasi. Mpaka 1971 viwanda vya Marekani vilikuwa vinatangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa peke yake juu ya meza: haina feni, haina chujio la hewa, haina sailensa wala mzigo wa oltaneta. Kuanzia magari ya 1972 wakahamia kutangaza nguvu ya injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote. Corvette yenye injini ya LT-1 ilitangazwa kuwa na farasi 330 mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikaandikwa 255. Injini haikuwa imekufa usiku mmoja. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kupima. Kwa hiyo mtu akija na Mustang na karatasi ya 1967 mkononi, namwambia kwanza tukunje hiyo karatasi.

Wenye Range Rover wao hawana shida hiyo, kwa sababu Waingereza walikuwa wanyenyekevu: lita tatu na nusu, karibu farasi 130. Ila wengi hawajui kwamba injini yao ni ya Kimarekani. Buick waliitoa kwa magari ya 1961, bloku na hedi zote za aluminiamu, kisha wakaachana nayo, Rover wakainunua katikati ya miaka ya sitini, na Range Rover ikatoka nayo 1970. Mzee mmoja wa Capri Point alifurahi sana kusikia hivyo, akasema basi na yeye ana gari la misuli kama wale wa kwenye sinema. Shikamoo mzee, unalo.

Nina milioni moja tu. Nianze na nini?

Anza na kupima, na milioni yako iache mfukoni kwanza.

Injini ya zamani mara nyingi haijapungukiwa nguvu ya kuongezwa, imepoteza ile iliyokuwa nayo. Kazi ya siku mbili za mwanzo ni kutafuta ilikopotelea. Pasha injini moto, fungua plagi zote nane, zipange kwenye kadibodi kwa mpangilio wa silinda. Zisome. Ya rangi ya kahawia kama chai ya maziwa iko sawa. Nyeusi kavu, mchanganyiko mzito. Nyeusi yenye mafuta, oili inapita kwenye ringi au kwenye gaidi za valvu. Nyeupe kama chokaa, mchanganyiko ni mwepesi au injini inachemka. Baada ya hapo chomeka geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo wa silinda, mwenzako akanyage akseleta mpaka chini, piga selfu mizunguko mitano au sita kwa kila silinda, andika.

Sasa hapa kuna jambo. Mwenye Chevrolet alikuja kwetu akiwa ameshaambiwa na gereji nyingine, siitaji, kwamba injini imekwisha na inahitaji ovahoo nzima. Ushahidi wao ulikuwa geji: kitabu kinataka psi 165, gari linasoma 145. Tukapima upya mbele yake. 145, 142, 145, 140, 145, 143, 146, 144. Nikamuuliza, kaka, umeona namba zilivyokaribiana? Injini iliyochoka haichoki kwa usawa namna hiyo. Kinachotakiwa ni silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10, au 15 ukiwa mpole. Na ile tofauti ya 20? Ni hewa ya Mwanza. Kitabu kiliandikwa kwa usawa wa bahari, sisi tuko mita elfu na zaidi juu, geji lazima isome chini. Alikuwa anakwenda kuuza ng'ombe wawili kurekebisha ugonjwa wa kimo cha ziwa.

Silinda moja ikiwa chini peke yake, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, karibu kila mara gasketi imetoboka katikati yao.

Na lile Chevrolet, shida ilikuwa nini basi?

Distribyuta. Ndani yake kuna vyuma viwili vidogo na springi mbili ambavyo kazi yake ni kuwahisha cheche kadiri injini inavyozunguka haraka. Vilikuwa vimeganda kwa grisi iliyokauka ikawa kama ulimbo. Na ngozi ya vekyumu ilikuwa imepasuka: unavuta kwa mdomo kwenye mpira wake, hewa inapita tu. Kwa hiyo gari lilikuwa linaamka vizuri, linatembea vizuri mjini, ukilikanyaga kutoka Buhongwa kwenda Usagara halina kitu. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani, saa moja na nusu. Kifuniko, rota na waya mpya za plagi. Mwenye gari alirudi jioni akacheka peke yake.

Taiming, yaani wakati wa kutoa cheche, niweke ngapi?

Kwa Chevrolet ndogo, ile ya inchi za ujazo 350 na ndugu zake, weka digrii 8 mpaka 12 injini ikiwa inalala, yaani inawaka polepole bila kukanyagwa, mpira wa vekyumu ukiwa umechomolewa, na jumla, pamoja na zile zinazoongezwa na vyuma vya distribyuta, ifike 34 mpaka 36 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hivi. Hiyo jumla ndiyo muhimu, ile ya kulala ni ya kuwashia tu. Mfuatano wa cheche ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na wa Range Rover ni huo huo. Huku juu injini huvumilia digrii moja au mbili zaidi kwa sababu silinda hazijazwi hewa kama pwani.

Ila kabla hujaamini taa ya taiming, iamini kwanza puli ya krenki. Puli hizi ni vyuma viwili vilivyogundishwa kwa mpira, na mpira ukizeeka bangili ya nje inateleza na alama yake. Nimekuta alama imehama zaidi ya digrii 10. Fundi anaweka taiming kwa uaminifu kabisa juu ya alama ya uongo. Ingiza bisibisi ndefu taratibu kwenye tundu la plagi namba moja, zungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa, halafu tazama alama inasemaje.

Ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo ukiwa unapanda mlima, hiyo injini inagonga. Rudisha digrii mbili siku hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi.

Fundi wangu alitoa thamostati akasema nchi za joto hazihitaji. Ni sawa?

Hapana, na ningependa kukutana naye. Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake: petroli haigeuki mvuke vizuri, oili inabaki nzito, silinda zinalika. Mwanza usiku wa Julai kuna ubaridi kabisa. Thamostati ikitolewa, maana yake mara nyingi ni kwamba rejeta imeziba na mtu hakutaka kuizibua.

Kwa Range Rover kuna la ziada. Aluminiamu na maji matupu haviendani, yawe ya bomba, ya kisima au ya ziwani. Weka kuulanti mwaka mzima, hata kama huku barafu unaiona kwenye friji tu. Tulifungua hedi moja iliyokuwa inapewa maji ya ndoo, njia za maji zimelika kama jino bovu.

Eksozi ya wazi inaongeza nguvu?

Inaongeza kelele, na sikio la binadamu linadanganywa kirahisi kwamba kelele ni nguvu. Kinachoongeza nguvu ni moshi kutoka bila kubanwa. V8 nyingi za zamani zilitoka kiwandani na mabomba mawili yanayoingia kwenye bomba moja jembamba, na hapo ndipo pa kutoa hela. Tengeneza mabomba mawili kamili, inchi mbili mpaka mbili na robo kwa Range Rover, mbili na nusu kwa 350, kila moja na sailensa yake isiyobana, na uyaunganishe kwa kipande kifupi katikati nyuma ya giaboksi.

Tatizo letu huku ni kukunja. Wengi wanakunja kwa kupasha moto na kuvuta, kona inajibana inakuwa kama mrija uliokanyagwa. Bomba la inchi mbili na nusu lenye kona iliyobanyika si la inchi mbili na nusu tena. Afadhali mchomeleaji akate vipande akaviunge vipande vinne vinne mpaka kona itimie. Haivutii kwa macho, lakini ndani ni wazi. Simama naye akiwa anafanya. Mpelekee soda.

Manifodi ya mabomba ya kununua nje ni nzuri, ila ukishalipia mzigo na ushuru, milioni yako imekwisha na hujagusa kitu kingine.

Niweke kabureta kubwa zaidi?

Karibu kila anayeuliza hivi tayari ameshainunua. Fanya hesabu kabla: chukua ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, zidisha kwa mizunguko ya juu utakayofika, gawanya kwa 3,456, halafu chukua asilimia 85 ya jibu, maana injini ya barabarani haijazi silinda kikamilifu. Injini ya 350 kwa mizunguko 5,500: jibu ni kama futi za ujazo 473 za hewa kwa dakika, na kabureta huuzwa kwa kipimo hicho hicho. Kabureta ya 600 inatosha na kubaki. Ya 750 kwa injini hiyo itakupa gari linalojikwaa kila unapotoka kwenye taa, kwa sababu hewa inapita polepole mno kuweza kuvuta petroli. Ya Range Rover, inchi 215, haifiki hata 300. Kabureta zake mbili za kiwandani zinatosha, nunua ngozi mpya za ndani na usawazishe zote mbili zivute sawa. Kwa kusikiliza: kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Mlio ufanane.

Kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, je?

Ukiwa bado hujafanya yote ya juu, sahau. Ukiwa umeyafanya, chagua ya upole, muuzaji akikuambia ya mashindano mwambie asante. Kamshafti kali inahamishia nguvu juu kwenye mizunguko ambayo hutaifikia kati ya Igoma na mjini, na chini inakuachia gari linalotetemeka kama lina malaria.

Ukibadilisha, badilisha na tapeti zake zote. Usirudishe za zamani kwenye kamshafti mpya. Paka grisi yake maalumu, na injini ikiwaka tu ipeleke mizunguko 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika 20 bila kuiacha ilale. Dakika hizo 20 ndizo zinaamua kama kamshafti itaishi. Oili za siku hizi za petroli zimepunguzwa zinki, na hizi tapeti za zamani zinaihitaji, ndiyo maana wengine tunatumia oili ya injini za dizeli.

Kuna cha kufanya kwenye hedi kwa bei nafuu?

Kipo. Kusaga valvu vizuri, kwa pembe tatu, 30, 45 na 60, na siyo kupaka tu unga wa kusagia na kuzungusha kwa fimbo. Halafu lainisha ukingo ulio chini ya kiti cha valvu, pale kiwanda kilipoacha ngazi kali. Usipanue tundu lote. Ngazi tu.

Kwa Range Rover angalia gasketi. Za zamani zilikuwa bati jembamba, nusu milimita hivi. Zinazouzwa sasa ni nene zaidi ya mara mbili. Ukifunga nene bila kuchonga hedi kufidia, umepunguza kompresheni kwa hela yako mwenyewe, halafu unarudi kuuliza kwa nini gari limekuwa zito baada ya kutengenezwa.

Ukiwa umefungua hedi za chuma za Mmarekani, uliza pia viti vya valvu. Vilitegemea petroli yenye risasi, nayo Afrika kusini mwa Sahara iliondoka tangu mwanzoni mwa 2006. Viti vigumu vya kupachika vinamaliza hilo. Hedi za aluminiamu zina viti vya kupachika tangu kiwandani.

Nimeambiwa nibadilishe difu. Inahusiana nini na injini?

Na injini hakuna uhusiano, ila na mgongo wako utakaokandamizwa kwenye kiti upo. Mustang nyingi zilitoka na difu ndefu za safari, kama 2.79, yaani shafti inazunguka mara 2.79 tairi likizunguka mara moja. Ukiweka 3.73, nguvu inayofika kwenye tairi katika gia ile ile inapanda kama asilimia 34. Hakuna kamshafti ya bei hiyo inayokupa hivyo. Gharama yake utaiona barabarani: injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na safari ya Shinyanga itakunywesha petroli. Kwa mtu wa mjini ningeshauri 3.25 au 3.55.

Turbo? Gesi ya kuongeza nguvu?

Si kwa milioni moja. Na kijana aliyeniuliza kama anaweza kupeleka oksijeni ya kulehemia kwenye kabureta: mdogo wangu, hapana, hapana tena. Itatoboa pistoni kama moto wa kukatia bati, kama haijalipuka kwanza.

Si bora niweke injini ya Kijapani tu?

Swali la haki. Toyota 1UZ, V8 ya lita nne iliyoanza na Lexus ya 1989, ina farasi kama 250 na spea zinajulikana. Lakini injini si bei ya injini. Kuna mikono ya kuishikilia, giaboksi, shafti ya kukatwa, nyaya, pampu ya petroli yenye presha. Wengi wameishia na gari juu ya mawe. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha pitia TRA kabla trafiki hajaisoma yeye.

Breki?

Kabla ya yote haya. Mustang nyingi za miaka ile zina ngoma miguu yote minne.

Nitajuaje kama nguvu imeongezeka kweli?

Usiulize moyo wako, umelipia, utasema imeongezeka. Tafuta kipande kimoja cha barabara nje ya makazi, alfajiri, kusiwe na watu wala ng'ombe. Gia ya tatu, kutoka kilomita 40 mpaka 80 kwa saa, mwenzako ashike simu apime sekunde. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, ili upepo wa ziwani usikudanganye. Andika na kiasi cha petroli kwenye tangi. Fanya hivyo kabla ya kugusa chochote, na kila baada ya badiliko moja. Moja tu. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na gari likaharibika, hutajua umlaumu nani.

Jaza petroli kituo kimoja siku zote za kupima. Iliyokaa kwenye madumu au iliyochanganywa na mafuta ya taa itaigongesha injini, na utashusha taiming kumbe ugonjwa uko kwenye tangi.

Nikileta gari, nije siku gani?

Siku yoyote isiyo Jumamosi. Lije likiwa limepoa, tunataka kulisikia linavyowaka asubuhi. Na tafadhali usioshe injini kabla ya kuja. Kila mtu anaiosha kwa heshima, anafika nayo inang'aa, na sisi tunakosa kuona oili ilikuwa inatokea wapi.